Sura ya Saba: Filamu Ambayo Tabasamu Hakuichapa

"Usiguse meza, mama," mwenye nyumba alisema kabla hata ya salamu, kisha akaona haya mwenyewe. "Samahani. Shikamoo. Karibu ndani. Lakini meza usiiguse."

"Marahaba. Siigusi," Inspekta alijibu, akatia mikono yote miwili mifukoni kama mtoto aliyekatazwa sukari.

Mwenye nyumba alikuwa mshonaji wa mapazia, mwanamke mwembamba mwenye sindano mbili zilizochomekwa kwenye ukosi wa blauzi. Cherehani yake ilikuwa imesukumwa ukutani na kufunikwa shuka. Meza aliyozoea kukatia vitambaa sasa ilibeba skana bapa, kompyuta ya zamani, brashi laini, glovu nyeupe za pamba na makopo ya filamu yaliyosimama kama askari wanaongoja kukaguliwa. Kamba ilivuka chumba kutoka dirishani hadi kabatini, na vipande vya filamu vilivyofutwa vumbi vilining'inia hapo kwa vibanio vya nguo.

Filamu zote zilikuwa za baba yake. Mtaa mzima ulimwita Tabasamu, kwa sababu hakuna aliyeketi mbele ya kamera yake asiambiwe neno hilo. Yeye mwenyewe, miaka yake ya mwisho, hakuwa na tabasamu hata la kuazima. Alipofariki, binti yake aliukuta unyevu umeanza kuzila filamu za chumba cha nyuma, akakata shauri kuziingiza zote kwenye kompyuta kabla hazijaisha.

"Naweka vipande vinne kwa mpigo," Mshonaji alieleza. "Mashine inasoma, mimi nashona. Ikimaliza inalia, naweka vingine. Harusi, mahafali, picha za vitambulisho. Nusu ya mji imepita mezani hapa, mama. Wengine sikujua kama waliwahi kuwa na nywele."

Inspekta alicheka kidogo. Kisha Mshonaji akabonyeza kitufe, na kicheko kikaisha.

Kwenye kioo cha kompyuta alikuwa amesimama mtoto wa kiume, mdogo bado, kwenye kizingiti cha mlango uliokuwa wazi. Alishika chupa tupu kifuani kama kombe la ushindi na alikuwa anacheka kwa mdomo wote, pengo la meno mbele. Picha ilipigwa kutoka ndani, kwa hiyo nyuma yake kulikuwa na mwanga wa barabara, na barabarani, kwa mbali kidogo, palikuwa na vitu viwili. Kimoja ni lori lililoonyesha mgongo, turubai lake lina kiraka cheupe. Cha pili ni mwanamume anayetembea kwa miguu, amelipa lori kisogo, mkoba begani, amevaa koti la kijivu lenye ukosi mweusi.

"Huyu mtoto ni nani?"

"Mdogo wangu. Kitinda." Mshonaji hakuitazama picha alipolitaja jina hilo. "Niliskani filamu hii jana. Nilimtazama yeye tu, sikuona kingine. Nimelia mpaka nikashindwa kutunga uzi. Asubuhi ndiyo nikaliona lile koti."

Koti lile mji mzima ulilijua. Lilikuwa la mwalimu wa shule ya msingi aliyekutwa amekufa mtoni, chini kidogo ya daraja, kichwa kimepasuka. Fundi aliyelishona alieleza mahakamani kwamba mwalimu alilichukua dukani kwake asubuhi ya siku aliyokufa, akatoka nalo mwilini. Hakuwa amelivaa kabla ya hapo, na baada ya hapo halikuvaliwa tena. Lori lenye kiraka cheupe nalo lilijulikana. Dereva wake alikuwa na ugomvi na mwalimu, kwa sababu mwalimu alimchapa mwanawe hadi mgongo ukavimba. Mtoto huyo huyo alipandishwa kizimbani, akaulizwa baba yake alisema nini nyumbani usiku wa siku aliyochapwa. Akajibu alichosikia: "Baba alisema atamuua."

Dereva alifungwa maisha. Mpaka mwisho alisimamia maneno yale yale: alimkuta mwalimu mjini, akampa lifti, njiani wakasameheana. Akamshusha pale barabara inapopanuka, kabla ya daraja, akageuza lori, akarudi mjini. Mwalimu akaenda kwake kwa miguu. Bawabu wa kiwanda cha unga kilichoko karibu na daraja alikula kiapo kwamba aliliona lori likivuka na watu wawili ndani. Mahakama ilimwamini bawabu. Mwaka uliopita dereva alifia gerezani. Jalada lake lilikuwa limefungwa, na kituoni Inspekta ndiye aliyepewa majalada yaliyofungwa, kiasi kwamba vijana walimwita Mama Majalada, wakidhani hajui.

"Una uhakika na siku?" aliuliza.

"Ndiyo siku ambayo Kitinda alishikwa na homa. Jioni ile ile. Alikuwa anacheza, akaja akaniambia kichwa kizito. Baba akambeba mpaka hospitali, akarudi na shuka tupu." Alivuta pumzi. "Mama yetu alikuwa ameshatangulia. Tulibaki wawili."

"Polisi hawakuja kuwauliza? Nyumba yenu ndiyo ya mwisho kabla ya mto."

"Walikuja, jirani alituambia. Walikuta kufuli. Tulikuwa tunazika."

"Na baba yako hakuiona picha hii?"

"Filamu aliisafisha kwa dawa. Kazi ya mikono, mikono ikaifanya. Lakini kuichapa hakuichapa. Niliikuta peke yake kwenye kopo, chini ya kamera iliyoharibika, imeviringishwa kwa leso yake." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Asingeweza kuitazama, mama. Nami nilimwekea kinyongo kwa kutomtaja mwanawe. Nilidhani amemsahau."

Inspekta alivaa miwani yake, akainama mbele ya kioo. Aliponyooka, uso wake haukuwa na habari njema.

"Nyumba hii haijahamishwa mlango wala barabara?"

"Kila kitu ni kile kile."

"Basi simama hapa nilipo, tazama nje. Mto uko mkono gani?"

"Wa kulia."

"Na mjini?"

"Kushoto."

"Na kwenye picha, lori linaelekea mkono gani?"

Mshonaji alitazama nje, akatazama kioo, akatazama nje tena. "Kulia," alisema polepole.

"Kulia. Darajani. Dereva aliapa kwamba aligeuza akarudi mjini." Inspekta alivua miwani. "Mwalimu ndiye anayeelekea mjini, kwa miguu. Mwendesha mashtaka akiiona hii atasema waligombana ndani ya lori, mwalimu akashuka, akakimbia kurudi alikotoka, na dereva akamgeukia mbele ya safari. Picha yako haimsafishi marehemu dereva, mwanangu. Inamzika mara ya pili."

"Nilidhani naleta kheri," Mshonaji alisema, akakaa kwenye kiti cha cherehani.

Inspekta alikuwa bado amesimama katikati ya chumba, pale Tabasamu alipowahi kusimama na kamera, na jambo moja lilikuwa linamkereketa kama punje kwenye jino. Alimtazama mtoto. Shati lilikuwa na mfuko mmoja, kifuani, upande wa mkono wake wa kulia.

"Shati hili nani alishona?"

"Mimi. Ndilo shati langu la kwanza, lina kasoro tele."

"Mfuko uliuweka kulia?"

"Aa, mama, hapana! Kasoro nilikuwa nazo, lakini si hiyo. Mfuko wa shati la kiume unakaa kushoto."

Inspekta aliuendea mlango, akaufungua hadi mwisho, akarudi mahali pake. Mlango halisi ulikuwa umeshikwa na bawaba za upande wa kushoto. Mlango wa kwenye picha ulikuwa umeshikwa upande wa kulia.

"Nipe kipande chenyewe," alisema. "Si picha ya kompyuta. Filamu yenyewe."

Mshonaji alivaa glovu, akakitoa kipande kwenye kishikio cha plastiki kwa ncha za vidole. Filamu ilikuwa imejikunja kwa kukaa miaka mingi ndani ya kopo. Alikigeuza kwenye mwanga wa dirisha, na kabla hajasema kitu, mkono wake ukaenda mdomoni.

"Nimekiweka mgongo chini, tumbo juu," alisema. "Filamu ina upande unaong'aa na upande uliofifia. Ukikosea upande, kila kitu kinageuka kama kwenye kioo cha kujitazamia. Nambari hizi za ukingoni zilitakiwa zisomeke. Kilikuwa kinajikunja, nikakilazimisha... nilikuwa nalia, mama, sikuona."

"Kiweke tena. Taratibu."

Wakaingoja mashine pamoja. Taa ya skana ilitambaa chini ya kifuniko kwa mwendo wa konokono. Picha ilipojitokeza, mfuko wa shati ulikuwa upande wa moyo, mlango ulikuwa kwenye bawaba zake, lori lilikuwa linarudi mjini, na mwalimu, ndani ya koti lake jipya, alikuwa anaelekea mtoni peke yake.

Dereva alikuwa amesema kweli, neno kwa neno.

*

Bawabu aliishi bado karibu na kiwanda, chumba cha mwisho kwenye safu ya nyumba za wafanyakazi, ingawa kazi alishaacha. Alikuwa ameketi nje kwenye benchi, blanketi magotini, akisikiliza redio iliyokuwa na mikwaruzo mingi kuliko maneno. Inspekta alimwamkia, akajitambulisha, akaketi kando yake bila kuharakisha. Kutoka hapo waliweza kuliona lango la maji la kiwanda, na juu yake njia nyembamba ya chuma ya kuvukia, yenye vyuma vya kushikia pande zote mbili.

"Mzee, nimekuja kwa ile kesi ya mwalimu."

Mzee alizima redio. "Kesi ile ilikwisha."

"Ulisema uliliona lori likivuka daraja."

"Nilisema."

"Watu wangapi ndani?"

"Wawili."

Inspekta akampa picha, aliyoichapa mjini kwa ukubwa wa karatasi nzima. Mzee aliisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Macho yangu hayafai tena, binti."

"Basi nitakusomea. Huyu ni mwalimu, anatembea. Lile ni lori, linakwenda zake mjini. Picha ilipigwa siku ile, nyumba ya mwisho kabla ya mto."

"Labda lilirudi."

"Labda. Lakini wewe hukusema lilirudi. Ulisema waliingia darajani pamoja, na hawa hapa wameshaachana." Akanyoosha kidole kwenye lango la maji. "Hebu niambie jambo jingine. Ile njia ya chuma pale juu ya lango la maji iliwekwa lini?"

"Zamani."

"Kabla au baada ya kesi?"

Vidole vya mzee vilianza kulisokota blanketi. "Baada."

"Kabla ya hapo ilikuwa ya nini?"

"Mbao."

"Zilipakwa nini zisioze?"

Inspekta akaendelea kwa upole, kwa maana alikwishaona kwamba mbele yake hana jambazi. "Daktari alieleza mahakamani kwamba viganja vya marehemu vilikuwa na vibanzi vya mbao vyenye lami. Waendesha mashtaka wakasema alikuwa akikinga rungu. Rungu lenyewe halijaonekana mpaka leo. Mzee wangu, mtu akianguka hushika nini?"

"Alichokuwa amekikanyaga," mzee alijibu. Sauti ilimtoka kama maji kwenye bomba lililoziba. "Walipita pale kila siku, walimu na wanafunzi, kukwepa mzunguko wa daraja. Ubao wa katikati ulikuwa umeoza. Msimamizi aliniambia nifunge mnyororo pande zote, mtu asipite. Nikasema nitafunga. Nikaanza na chai. Nilipomsikia anapiga kelele nilikimbia, wallahi nilikimbia, lakini mimi kuogelea sijui. Nilimwona mkono mmoja tu."

"Ukafanya nini?"

"Niliung'oa ubao uliobaki, nikausukuma majini. Kisha nikafunga mnyororo." Alijifuta uso kwa kona ya blanketi. "Sikumtafuta mtu wa kumsingizia. Nilitaka kunyamaza tu. Ila askari aliyekuja aliniuliza, 'Uliliona lori likivuka na watu wawili, sivyo?' Swali lilikuja limebeba jibu lake mgongoni. Nikasema ndiyo. Nikadhani watamuuliza, watamwachia. Ndiyo moja huzaa nyingine, binti. Nilipofika mahakamani sikuwa na pa kurudia."

"Dereva amekufa, mzee."

"Najua. Nilisikia." Akatazama lango la maji. "Nilisema nitakwenda kusema. Kila mwaka nilisema. Utanichukua sasa?"

"Nitakuchukua useme mbele ya hakimu. Una koti?"

Mzee alinyanyuka kwa taabu, akaingia ndani kulitafuta. Inspekta alibaki kwenye benchi na picha magotini. Hapakuwa na muuaji. Miaka yote ile jalada lilikuwa limeandikwa neno mauaji, kumbe kilichokuwepo ni ubao mbovu, mtu mwoga, na askari mwenye haraka ya kumaliza kazi. Alilijua jina la askari huyo. Lilikuwa limeandikwa mlangoni kwa mkuu wake wa kazi. Hilo lingekuwa na siku yake, na Inspekta alijua siku hiyo haitakuwa nyepesi.

*

Mjane wa dereva alifanya kazi chumba cha kufulia cha hospitali. Inspekta alimkuta kwenye meza ndefu, akikunja shuka zilizotoka kukaushwa, kona kwa kona, kiganja kikipita juu ya kila mkunjo. Alisikiliza habari yote bila kusimamisha mikono. Alipoonyeshwa picha aliitazama kwa haraka, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa, akairudisha.

"Hamna unachoniambia, dada," alisema. "Umeniletea habari za nyumbani kwangu. Mimi nililala na mtu yule usiku ule. Mtu aliyeua hakoromi vile."

"Mahakama itafuta hukumu. Itachukua muda, lakini—"

"Na ifute. Yeye hatasikia." Alichukua shuka nyingine. "Umekwenda kumwambia mwanangu?"

"Sijui aliko. Nilidhani wewe..."

"Yuko mji wa mbali, fundi umeme. Alichukua jina la ukoo wangu, la baba yake akalitupa. Tangu alipokua mtu mzima hakwenda gerezani kumwona hata mara moja. Nilimwambia mimi mpaka ulimi ukaota sugu: baba yako hakuua. Ananijibu, mama, wewe ni mke wake, utasema nini." Alitoa simu chini ya aproni, akatafuta namba, akamnyooshea Inspekta. "Mimi haniamini. Mwambie wewe. Wewe ni serikali."

Simu iliita kwa muda mrefu. Sauti iliyopokea ilikuwa nzito, na nyuma yake mashine ya kutoboa ukuta ilikuwa ikinguruma.

"Mama, niko kazini."

"Si mama yako. Mimi ni Inspekta wa polisi. Mama yako yuko salama, yuko mbele yangu. Nakupigia kwa habari ya baba yako."

"Baba yangu alikufa."

"Alikufa hana hatia."

Inspekta alieleza kwa maneno machache: picha, lori, ubao, bawabu. Alieleza kama anavyoeleza mbele ya hakimu, bila kupamba. Katikati ya maelezo mashine ya kutoboa ilizimwa.

"Ni mimi niliyesema neno lile," sauti ilisema. Haikuwa nzito tena. "Mahakamani. Mimi ndiye niliyesema."

"Ulikuwa mtoto, ukaulizwa ulichosikia, ukajibu. Hukusema uongo. Aliyesema uongo nimemkamata."

"Alinitazama," mwanamume alisema. "Niliposhuka kizimbani alinitazama, akanipungia mkono. Nilidhani ananitisha."

Upande wa pili palisikika mtu akiketi chini, na chuma kikigonga sakafu.

"Amezikwa wapi?"

Inspekta alimgeukia mjane. Mjane alikuwa ameacha kukunja. Alijifuta mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na maji, akaichukua simu.

"Mambo hayo hayasemwi kwenye simu, baba," alimwambia mwanawe. "Wewe njoo. Njoo nitakupeleka."

Akamsikiliza. Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba anaonekana. Simu ilipokwisha aliiweka juu ya meza, akaketi taratibu juu ya rundo la shuka safi alizokuwa amezikunja tangu asubuhi, akazivuruga zote, na kwa mara ya kwanza tangu Inspekta aingie, akalia.